Nani Ashike Ufunguo wa Chumvini

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana shati lililoshonwa siku hizo huenda liko mgongoni mwa mmoja wenu aliyeketi hapa, palikuwa na mji uitwao Chumvini. Msinitafutie zimwi katika hadithi hii. Zimwi hamna. Sungura hamna. Kuna wanawake, kuna cherehani, na kuna mlango. Mkinisikiliza mpaka mwisho nitawauliza swali, na yule atakayenijibu "inategemea" ainuke sasa hivi aende zake, asinipotezee mate.

Hakuna aliyeinuka? Haya, tuendelee.

Chumvini ulikuwa mji wa mabwawa ya chumvi na nzi. Basi likajengwa jengo refu la mabati, likaitwa kiwanda, na watu wakapiga vigelegele. Mimi siwacheki. Nani asiyefurahi kazi ikimfuata mpaka kwao? Humo yalishonwa mashati, mashati ya kwenda ng'ambo, ya kuvaliwa na watu ambao Chumvini hawajaisikia na hawataisikia.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa laini. Laini ni safu ya cherehani, na kila mwanamke ana kipande chake. Wa kola ni kola tu. Wa mikono ni mikono tu. Shati linapita mbele ya kila mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushona shati zima. Ukimuuliza mwanamke wa pale, "Dada, unashona nini?" hakwambii nguo. Anakwambia, "Mimi kola." Wakazoea hata kuitana hivyo.

Katika laini moja walikuwamo wanawake watatu, na hao ndio hadithi yangu.

Wa kwanza ni Umazi wa kola. Huyu alikuwa na sauti. Akicheka mwanzo wa laini, wa mwisho anageuka.

Wa pili ni Mbodze wa vifungo. Mjane, mtu mzima, mama wa watoto wengi, na maneno yake machache. Alitia vifungo na kunyamaza, akatia vifungo na kunyamaza.

Wa tatu ni Dama wa pasi. Ndiye mdogo wao. Meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa laini, karibu na mlango, na mvuke wa pasi ulimpanda usoni kutwa nzima.

Na mlango? Mlango ulikuwa mmoja, wa chuma. Hapo mwanzo ulikaa wazi. Kisha shati moja likaonekana sokoni, limetundikwa kwenye kibanda, na meneja wa kiwanda, Bwana Tsuma, akapandwa na hasira. Baadaye ilikuja kujulikana kuwa shati lile liliuzwa na shemeji yake mwenyewe, lakini aliyefungiwa si shemeji. Waliofungiwa ni wanawake. Kuanzia hapo kazi ikianza, kufuli linatiwa kwa nje. Kazi ikiisha, kufuli linatolewa. Na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Bwana Tsuma.

Sasa Dama akapata mimba. Kiwandani mwanamke akionekana tumbo huambiwa, "Nenda kapumzike, mama," na akirudi anakuta mwingine kwenye meza yake. Kwa hiyo Dama akajifunga leso juu ya leso, akapiga pasi. Wenzake wote walijua. Bwana Tsuma hakujua, kwa kuwa alikuwa akitazama mashati.

Siku moja, mchana kweupe, uchungu ukamshika Dama kabla ya wakati wake. Akashika ukingo wa meza. Akasema taratibu, "Dada Mbodze, nakufa." Mbodze akaacha vifungo. Umazi akaacha kola. Wakaukimbilia mlango.

Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Bwana Tsuma, na Bwana Tsuma alikuwa amekwenda bandarini kuulizia kontena.

Nje ya mlango alisimama askari wa lindo, kijana wa hapo hapo mjini. Umazi akampigia kelele kupitia upenyo wa mlango.

"Kaka! Vunja mlango! Mtu anajifungua huku!"

"Dada yangu, mimi nina kirungu tu. Ufunguo anao bosi."

"Vunja kwa hicho kirungu!"

"Nikivunja kesho nitakula nini?"

"Kula hicho hicho kirungu!" akasema Umazi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati. Kupitia matundu ya hewa waliliona paa lake. Wangekuwa na mlango wangemfikisha Dama kabla chai haijapoa. Hawakuwa na mlango. Wakatandika mashati sakafuni, mashati mapya yaliyokwisha pigwa pasi, na Dama akajifungulia hapo.

Alikuwa mtoto wa kike. Na alilia. Waliokuwapo wote wanalishuhudia hilo, alilia, tena kwa nguvu. Kisha pumzi ikaanza kumpaa. Mbodze akampulizia, akamsugua, akampulizia tena. Umazi akagonga mabati mpaka mikono ikavimba. Bwana Tsuma aliporudi jua lilikuwa limeshuka na mtoto alikuwa amefunikwa.

Akafungua mlango, akatazama chini, na neno lake la kwanza likawa hili: "Mashati gani hayo mmeyachafua?"

Nimelisema kama lilivyosemwa. Sikulitia chumvi, na Chumvini chumvi ipo.

Dama akazika mwanawe. Akakaa nyumbani siku chache, kisha akarudi kwenye meza ile ile, pasi ile ile, karibu na mlango ule ule. Wewe mama unayetikisa kichwa, unataka kusema mbona alirudi? Alirudi kwa sababu Chumvini palikuwa na kiwanda, na mabwawa ya chumvi, na nzi. Ungekwenda wapi wewe?

Basi, kilikuwapo kitu kiwandani pale wanawake walichokiita siku ya sabuni. Wenye oda, yaani wale wa ng'ambo wanaoyanunua mashati, walikuwa wakituma mkaguzi mara kwa mara. Mkaguzi akikaribia kuja, sabuni inaonekana chooni. Feni zinazunguka. Kufuli linafichwa. Na Bwana Tsuma anapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuwafundisha wanawake majibu, kama watoto wa chekechea.

Anauliza, "Mnalazimishwa kushona usiku?"

Nao wanaitikia, "Hapana, haijatokea hata siku moja!"

"Maji ya kunywa?"

"Yapo tele, tena baridi!"

"Mlango?"

"Uko wazi daima!"

"Mtu akiugua?"

"Anapelekwa hospitali papo hapo!"

"Na meneja wenu?"

"Ni baba yetu, Mungu amweke!"

Kiongozi wa waitikiaji alikuwa nani? Umazi wa kola. Bwana Tsuma alimchagua kwa ajili ya sauti yake. Umazi anaanza, wengine wanafuata. Wageni wakiajiriwa, Umazi ndiye anayewafundisha. Lishikeni hilo, msilidondoshe.

Na kwa kuwa majibu yalikaririwa kwa mfuatano, mosi, pili, tatu, hakuna aliyekuwa akisikiliza tena swali. Wakaguzi wote waliuliza kwa mfuatano ule ule. Jibu la kwanza, jibu la pili, jibu la tatu, mkaguzi anatia alama, anakunywa soda, anaondoka. Miaka ikaenda hivyo.

Siku ya sabuni iliyofuata msiba wa Dama, akaja mkaguzi mgeni. Mwanamke mmoja mfupi, amechoka na safari, viatu vimejaa vumbi. Bwana Tsuma akamletea soda, mkaguzi akaiweka kando. Akasimama katikati ya laini, akauliza swali lake la kwanza, nalo halikuwa lile la usiku.

"Jamani, hamjambo. Hebu niambieni, mtu akiugua humu ndani, anapelekwa hospitali?"

Na laini nzima, Umazi akiongoza, ikaitikia kwa sauti moja, "Hapana, haijatokea hata siku moja!"

Mkaguzi hakutia alama.

Bwana Tsuma akacheka kicheko kirefu. "Wana aibu hawa, mama. Wamebabaika. Umazi, hebu mweleze mgeni vizuri."

Mkaguzi akamgeukia Umazi. "Haya dada, nieleze wewe. Mtu akiugua, anapelekwa hospitali?"

Sasa hapa, wasikilizaji wangu, jibu sahihi Umazi alikuwa nalo. Lilikuwa la nne. Lilikuwa mdomoni, limelainika kwa kutumiwa. Angelisema, wote wangecheka, na soda ingenywewa. Umazi akamtazama Bwana Tsuma. Akamtazama Dama amesimama na pasi yake. Akasema kwa ile sauti yake:

"Hapana. Haijatokea hata siku moja. Na kufuli la mlango huu limefichwa nyuma ya mapipa ya rangi, nenda kalitazame."

Akaeleza yote. Ya mlango, ya Dama, ya mtoto aliyelia. Bwana Tsuma akamkatiza, naye akapaza sauti. Akamkatiza tena, naye akapaza zaidi. Mkaguzi akaenda nyuma ya mapipa, akalitoa kufuli, akaondoka nalo mkononi.

Gari lake halijapotea barabarani, Umazi ameshaambiwa, "Chukua leso yako, nenda." Akaenda. Na jioni ile ile likanunuliwa kufuli jipya.

Asubuhi yake Dama akafika kabla ya wote. Mlango ulipofunguliwa hakuingia. Akaketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo huu, miguu ameinyoosha mpaka mwimo wa pili.

Bwana Tsuma akaja. "Wewe, ingia au toka."

"Siingii na sitoki."

"Nataka kufunga mlango."

"Funga."

Mlango wa chuma utaufungaje na mtu yuko katikati? Akamwita askari wa lindo. "Mwondoe huyu." Yule kijana akamtazama Dama. Akaweka kirungu chake chini, akaenda kuketi kivulini. Tusimsahau na yeye, ijapokuwa alichelewa.

Wanawake walipoona vile, wengi wakaketi nje pamoja na Dama. Umazi akaja na sauti yake, akaketi nao. Cherehani zikanyamaza. Jua likawachoma, wakaketi. Wakaja watu wa kuwatisha, wakaketi. Dama hakusema hotuba. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu siku ile ya msiba, ikatetemeka hapo pia, lakini kizingiti hakukiacha.

Ndipo Bwana Tsuma akasimama juu ya kreti akatangaza: "Meli inaondoka wiki hii. Oda isipokuwa tayari, wenye oda watahamia nchi nyingine. Huko wako wanawake wanasubiri kazi hizi, nao hawaulizi habari za milango. Mtabaki na jengo tupu, mfugie mbuzi."

Na hilo, jamaa zangu, halikuwa uongo. Ni jambo la kweli lililosemwa na mtu mbaya, na ya namna hiyo ndiyo yanayochoma. Viwanda vya mji wa pili viliwahi kuhama hivyo hivyo, kwa usiku mmoja, na wanawake wa huko walikuwa wakiuza maandazi ambayo hakuna mtu wa kuyanunua.

Mbodze wa vifungo akainuka. Akajipangusa mchanga. Akaenda mpaka kizingitini, akasimama mbele ya Dama.

"Dama mwanangu, napita."

"Dada Mbodze, hata wewe?"

"Napita."

Akainua mguu, akamruka Dama, akaingia. Wachache wakamfuata. Wakashona kwa upungufu wao, kola, mikono, vifungo, pasi, kila mmoja akifanya kazi ya watu wengi. Nje wakawazomea. Wakamwita Mbodze msaliti, wakamwita na mengine ambayo siyasemi mbele ya watoto. Bwana Tsuma akafurahi akamwambia, "Mbodze, wewe ni mtu mwelewa. Nisaidie basi kumburuta yule msichana mlangoni." Mbodze akatia kifungo. Akasema, "Nitashona. Mguu wa Dama siugusi. Na wewe ukiugusa, naacha sindano hapa hapa." Bwana Tsuma akaondoka.

Mashati yakaisha. Kontena likajaa. Meli ikaondoka nalo.

Kisha yule mkaguzi mfupi akarudi na neno la wenye oda. Wenye oda walisema hivi: mashati yamefika kwa wakati, kwa hiyo oda itaendelea. Lakini habari ya mtoto imewafikia, nao wanaogopa isije ikawafikia wanunuzi wao. Umazi arudishwe kazini. Kufuli libaki, kwa maana wenye oda wanamwogopa mwizi wa mashati kuliko wanavyouogopa moto. Ila litafungwa kwa ndani, na ufunguo utakaa kwa mfanyakazi, humo humo ndani, saa zote za kazi.

Mnaona? Wangekuta kelele na hakuna mashati, wangehama. Wangekuta mashati na hakuna kelele, wasingerudi. Usiniambie walifanya kwa huruma. Mimi si mtoto.

Basi Bwana Tsuma akaufungua ufunguo kiunoni mwake. Ilimuuma. Wanawake wakamtazama akihangaika na ile kamba, na wengine walitamani asifanikiwe haraka, wapate kuitazama shida yake vizuri. Akauweka juu ya meza ya kukatia, akasema:

"Nataka jina moja. Mwenye ufunguo atafungua anapoona haja, bila kuniuliza mimi. Lakini shati likipotea nitamkamata yeye. Na akifungua bila sababu ya maana, atatoka kwa mlango huo huo na hatarudi. Chagueni kabla ya kengele ya chakula. Msipokubaliana, ufunguo unarudi mahali pake."

"Tuushike kwa zamu," akasema Umazi.

"Jina moja."

"Basi tuupigie kura."

"Hata mkiuchezea kete ni juu yenu. Jina moja, kabla ya kengele."

Alijua analolifanya. Alitaka wagombane, wararuane, kengele ilie. Na kabla hajaondoka akageuka, akasema, huku anatabasamu:

"Na kwa haki, mwenye kustahili ni mimi. Mimi ndiye niliyewaombea kiwanda hiki. Kabla yangu hapa palikuwa na nini? Chumvi na nzi. Bila mimi hakuna kazi, bila kazi hakuna mlango, bila mlango huo ufunguo ni wa nini?"

Umazi akamjibu pale pale. "Kweli, bosi. Chumvi na nzi. Lakini nzi hawajawahi kumfungia mtu mlango."

Laini nzima ikaangua kicheko, na Bwana Tsuma akaenda ofisini kwake, akauacha mlango wa ofisi wazi apate kusikia.

Umazi akasema wa kwanza.

"Ufunguo ni wangu. Niliyesema ni mimi. Mngeketi kizingitini mpaka mkaota mizizi, bila mimi wenye oda wangejua nini? Jibu la nne nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nilifukuzwa mimi, si mwingine. Mwenye ufunguo anatakiwa mtu anayeweza kumwambia bosi hapana usoni pake, na hapa aliyefanya hivyo ni nani?"

Mwanamke wa mikono akamjibu. "Mara ya kwanza ulikosea tu, shoga. Ulikariri vibaya kama sisi sote."

"Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili sikukosea."

"Na miaka yote ile? 'Uko wazi daima', nani alinifundisha mimi kusema hivyo? Ungesema mwaka mmoja kabla, mtoto wa Dama angekuwa anatambaa."

Umazi akaishusha ile sauti yake. Kisha akasema polepole, "Hilo ninalo. Ninalala nalo. Ndiyo maana mlango huo sitauacha tena ufungwe."

Dama akasema wa pili.

"Ufunguo ni wangu. Mlango huu ulimeza mwanangu. Ninyi mnasimulia, mimi nilizaa. Umazi alisema, na jioni yake likanunuliwa kufuli jipya. Aliyezuia kufuli lisifungwe ni mimi, kwa miguu yangu hii. Siku mtu akilia hapa ndani, mimi sitauliza kama sababu ni ya maana. Nitafungua."

Mwanamke mwingine akasema kwa upole, maana kwa Dama wote walisema kwa upole, "Mdogo wangu, mikono yako inatetemeka. Pasi yenyewe inakuponyoka siku hizi. Pakitokea moto, au mtu akishikwa na uchungu kama wewe, utaweza kuutia ufunguo tunduni?"

Dama akaitazama mikono yake. "Ilitetemeka nilipoketi mlangoni pia," akasema. "Na niliketi."

Mbodze alikuwa amekaa na mashati yake, kimya. Watu wakadhani hatasema. Akaweka sindano chini.

"Ufunguo ni wangu."

Wakapiga kelele. "Wewe? Wewe uliyemruka Dama?"

"Nilimruka. Sikatai. Tena nilimwambia kabla. Mashati yasingefika, leo mngegombania ufunguo wa banda la mbuzi. Mlitaka mlango ufunguliwe, nami nilitaka. Lakini nilitaka pia nyuma ya mlango pawe na kazi."

"Ulikula na bosi!" akasema Umazi.

"Nilikula na nani? Waulize wanao, Umazi. Ulipokuwa umeketi juani kwa ushujaa wako, wanao walikula uji kwa nani?"

Watoto wake walikula kwa Mbodze. Na wa mwanamke wa mikono. Na wa wengi waliokuwa nje wakizomea.

Dama ndiye aliyemjibu, bila ukali. "Dada Mbodze, uji ulipika, na mwanangu ulimpulizia. Sisahau. Lakini kila mara bosi atakapotutisha na meli, wewe utashona. Akikwambia usifungue maana meli inaondoka, utafungua?"

Mbodze akafikiri. Hakujibu haraka, na wapo waliomhesabia hilo kuwa uaminifu, na wapo waliomhesabia kuwa kosa. Mwishowe akasema, "Nitafungua. Halafu nitarudi kumalizia vifungo."

Hapo wakavurugana. Hawa Umazi, hawa Dama, hawa Mbodze. Bwana Tsuma akatokeza kichwa ofisini, akatazama saa yake.

Katika ile kelele akajitokeza mwanamke wa meza ya kukunjia, jina lake Kache. Alikuwa amejifunga leso juu ya leso, na aliyekuwa na macho alijua kwa nini. Akasema:

"Ninyi mnasema nani alistahili kwa yaliyopita. Mimi yaliyopita nayaheshimu. Lakini nataka kujua nani atanifungulia mimi."

Wakautazama ufunguo juu ya meza. Si mkubwa. Ungetosha kiganjani mwa mtoto.

Najua sasa mtaniambia nini. Wewe kijana utaniambia wangelivunja kufuli, wakachoma kiwanda. Nami nakuuliza, baada ya hapo Mbodze atawapikia watoto uji wa nini? Wewe mzee utaniambia washukuru, kazi mbaya ni afadhali kuliko kukosa. Nami nakuambia nenda kaburini kwa yule mtoto ukamwambie ashukuru, kisha urudi uniambie alivyokujibu. Na wewe mama utaniambia waurudishe ufunguo kwa Bwana Tsuma wasigombane. Wewe nakuomba usinitazame.

Ufunguo haurudi. Hilo tumeshalimaliza. Hata wale wanawake walikuwa wamelimaliza, kila mmoja moyoni mwake, na ndiyo maana hapakuwa na aliyeondoka mezani.

Umazi alisema, lakini alikuwa amesema uongo miaka. Dama aliketi, lakini mikono inatetemeka. Mbodze alishona mpaka kazi ikabaki, lakini alimruka mwenzake kizingitini. Wote watatu wameweka mkono juu ya meza, Kache anawatazama, na Bwana Tsuma ameshika kamba ya kengele.

Je, nani alistahili ufunguo ule, na je, ndiye utakayetaka awe nao siku utakapofungiwa wewe? Semeni. Semeni upesi, anaivuta.